Mchujo wa raga chini ya miaka 18: wateuzi huandika nini hasa kwenye karatasi zao?

Mwalimu_Nzoia aliuliza:

Hamjambo wanaraga. Vijana wanne wa shule yetu wameitwa kwenye mchujo wa kikosi cha eneo, chini ya miaka 18, siku mbili, Jumamosi na Jumapili, wiki tano kutoka sasa. Shule ni ndogo. Michezo ya Muhula wa Kwanza tuliishia ngazi ya kaunti ndogo, kwa hivyo wateuzi hawawajui vijana hawa hata kidogo.

Ningependa majibu ya watu waliowahi kukaa upande wa pili wa karatasi. Mteuzi anatazama nini wakati vijana 70 wako uwanjani wakiwa na vizibao vyenye namba? Vipimo vya mbio vina uzito gani? Nina namba 8 (mchezaji wa nyuma kabisa katika skramu, yaani pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanapofungana na kusukumana kugombea mpira) mwenye kilo 78 na sentimita 176, ndiye mchezaji wetu bora, lakini nahofia watamwona mdogo. Nina namba 10, anayepanga mashambulizi, ambaye amewekwa hapo kwa sababu tu ndiye anayejua kupiga mpira. Nina propu wa kushoto (namba 1, pembeni mwa safu ya kwanza ya skramu), na winga mwenye kasi sana ambaye kwenye timu yetu hupata mpira mara mbili kwa mechi. Je, video inasaidia?

Karatasi_na_Kalamu alijibu:

Mwalimu, pole na hongera. Nitaanza na jambo ambalo makocha wengi wa shule hawaambiwi: kabla mteuzi hajatazama mchezaji yeyote, amekwisha kupiga hesabu ya nafasi. Chukua kikosi cha watu 26. Mgawanyo wa kawaida ni propu 5, huka (anayekaa katikati ya mapropu) 2, loki (safu ya pili) 3, flanka (pembeni mwa skramu, namba 6 na 7) na namba 8 kwa pamoja 5. Hao ni 15 wa mbele. Nyuma ni namba 9 (anayetoa mpira kwenye skramu) wawili, namba 10 wawili, masenta 3, na mawinga pamoja na fulbeki (mlinzi wa nyuma kabisa, namba 15) 4. Hao ni 11. Siku ya mechi wachezaji ni 23, na kati yao 6 lazima wawe wanaoweza kucheza safu ya kwanza ya skramu. Ndiyo maana senta wa nne kwa ubora anabaki nyumbani huku propu wa tano akipanda basi. Vijana wako hawashindani na wote 70. Propu wako anashindana na mapropu kumi au kumi na wawili, basi.

Wateuzi huwa watatu hadi watano na hugawana uwanja. Mmoja anatazama namba 1 hadi 5, mwingine 6 hadi 9, mwingine 10 hadi 15, na mwenyekiti anatazama mchezo mzima. Vipindi ni vya dakika 20 au 25, vikosi vinachanganywa kila kipindi, na kijana akicheza dakika 50 kwa siku mbili amebahatika. Katika dakika 50 winga anaweza kushika mpira mara nne. Hivyo mteuzi mwenye uzoefu haandiki “mzuri” au “ana kasi”. Anahesabu vitendo, na vingi ni vya bila mpira.

Cha kwanza ni muda wa kuinuka. Kijana ameangusha mtu, au ameangushwa yeye: anachukua sekunde ngapi kusimama na kurudi kwenye mstari wa ulinzi? Sekunde tatu ni vizuri. Anayelala hadi raki (kugombea mpira ulio chini kwa miguu) iishe anawekewa alama ya kutoa, na ikijirudia mara tatu jina lake linapigwa mstari, hata akifunga trai (kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli) mbili. Cha pili ni kukaba, yaani kumshika na kumwangusha mwenye mpira: si idadi ya waliowahi kuanguka mbele yake tu, ni jinsi anavyokosa. Akikosa kwa sababu miguu ilisimama mbali na mpinzani, hilo linafundishika. Akikosa kwa sababu amefumba macho na kuinamisha kichwa, mteuzi anaogopa, kwa sababu huyo ataumia. Kichwa kikienda upande usiofaa, mbele ya paja la anayekimbia badala ya nyuma yake, huandikwa kwa herufi kubwa.

Cha tatu ni dakika inayofuata kosa. Kijana ameangusha mpira. Je, anashika kichwa na kutazama jukwaani, au ndiye wa kwanza kwenye raki? Mimi huona hapo ndipo majina mengi huamuliwa, kwa kuwa kila mtu ataangusha mpira siku ya mchujo, mikono ikiwa na jasho na wenzake asiowajua.

Sasa nafasi kwa nafasi, nikigusa za vijana wako.

Propu: anatazamwa mgongo kama uko sawa kama meza, nyonga na mabega vikiwa kimo kimoja, na kama mkono unabaki umeshika jezi ya mpinzani ubavuni bila kuvuta chini. Kwa kanuni za chini ya miaka 19 skramu haisukumwi zaidi ya mita 1.5, kwa hivyo uzito pekee haumwokoi mtu, ufundi ndio unaoonekana. Baada ya hapo ni kuinua mrukaji kwenye lainiauti (mpira uliotoka unaporushwa ndani kati ya mistari miwili ya wachezaji): anashika wapi, anaingia karibu kiasi gani, anamshusha salama au anamwachia? Na swali ambalo ataulizwa kwa mdomo: unaweza kucheza upande wa kulia pia? Propu anayemudu namba 1 na namba 3 anaokoa nafasi moja ya kikosi. Kama una wiki tano, mfundishe upande wa pili polepole, kwa skramu za mtu mmoja kwa mmoja, kisha watatu kwa watatu. Asidanganye kwamba anajua. Skramu ya kwanza itamuumbua na inaweza kumvunja shingo.

Namba 10: anapigiwa hesabu ya pasi kwa mikono yote miwili. Wengi wana pasi ya mita 15 kwenda kushoto na ya mita 6 kwenda kulia. Kisha umbali anaosimama kutoka kwa namba 9. Akirudi nyuma mita nane ili apate muda, masenta wake wanapokea mpira wakiwa wamesimama. Kisha ulinzi: je, anajificha nyuma ya flanka wake? Kupiga mpira mbali ni jambo la nne, si la kwanza. Huyu wako mpime kama kweli ni namba 10 au ni fulbeki. Mwenye teke zuri, anayetulia chini ya mpira wa juu na kuingia kwenye mstari kwa kasi anafaa 15 zaidi. Fomu ya usajili ina nafasi ya kwanza na ya pili, andika zote mbili, usiandike tatu. Tatu inasomeka kama “hajui anacheza wapi”.

Winga: mwambie atafute kazi. Wateuzi wanaangalia kama anavuka kwenda upande wa pili mpira ukiwa mbali, kama anafuata teke la mwenzake, na kama anashuka kusaidiana na fulbeki mpira unapopigwa nyuma. Winga anayesubiri mpira pembeni umfikie ataondoka bila hata alama moja kwenye karatasi.

Kuhusu namba 8 nitarudi. Kwanza nijibu: kwenye mazoezi anaingia raki ngapi kwa dakika kumi, na anaiba mpira mara ngapi?

Dakika_Tano alijibu:

Upande wa vipimo. Mara nyingi hutumika kama mlango: ukishindwa kabisa unatiliwa shaka, ukipita vizuri hakuna anayekuchagua kwa hilo pekee. Lakini vipimo hufanywa asubuhi ya siku ya kwanza, na kijana aliyejichosha vibaya saa mbili asubuhi atacheza mechi ya saa nne akiwa na miguu ya mbao.

Kinachotumika sana ni Bronco, kwa kuwa hakihitaji kifaa zaidi ya koni na saa. Koni kwenye mstari wa kuanzia, nyingine mita 20, 40 na 60. Unakwenda 20 na kurudi, 40 na kurudi, 60 na kurudi. Hiyo ni mita 240, raundi moja. Raundi tano bila kupumzika, jumla mita 1,200. Kwa umri huu mimi ningetaka wachezaji wa nyuma na flanka wawe chini ya dakika 5, huka na loki karibu na 5:15, propu 5:30. Dakika 5 ni sekunde 60 kwa raundi, hesabu rahisi ya kubeba kichwani.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kuanza kwa fujo: raundi ya kwanza sekunde 48, ya nne sekunde 70. Waanze kwa 56 au 57 na kushikilia. La pili ni kugeuka. Kuna migeuko 29 ndani ya kipimo hiki. Ukipoteza nusu sekunde kila mgeuko kwa kupitiliza mstari na kusimama wima, umepoteza zaidi ya sekunde 14 bila pafu lako kuwa na kosa lolote. Wafundishe kushusha nyonga hatua mbili kabla ya mstari, mguu mmoja uguse mstari, na kubadilisha mguu wa kugeukia ili paja moja lisikakamae.

Kwa wiki tano: wiki ya kwanza pima kipimo kamili mara moja na uandike. Wiki ya pili, siku mbili, raundi tatu mfululizo, pumzika dakika tatu, raundi tatu tena. Wiki ya tatu, raundi moja moja mara sita, kila moja sekunde 54, pumziko dakika moja. Wiki ya nne pima tena. Wiki ya mwisho mbio fupi tu, na siku nne za mwisho hakuna zoezi zito. Kama mchujo uko Nairobi na vijana wamezoea sehemu zilizo chini kuliko Nairobi kama Kisumu au Pwani, waambie watahema mapema kuliko kawaida. Waanze polepole kwa sekunde moja au mbili kila raundi.

Mbio za mita 10 na 40 zitakuwepo pia. Kwa wachezaji wa mbele mita 10 ina maana zaidi, kwa kuwa nafasi ya kukimbia 40 wataipata mara chache mno. Na wavae viatu vilevile watakavyochezea, si raba mpya.

Mwalimu_Nzoia aliandika:

Ahsanteni sana. Namba 8 nimehesabu leo kwenye mazoezi ya watu 15 kwa 15, dakika 20: raki 11, amekaba mara 9 na kukosa moja, ameiba mpira mara 3 lakini mara moja alipigiwa penalti kwa kuweka mikono chini. Mwenzangu hapa shuleni anasema nimpeleke kama huka kwa sababu ya kimo chake. Niseme nini?

Karatasi_na_Kalamu alijibu:

Hizo ni namba za namba 7, Mwalimu. Mwandikishe flanka, nafasi ya pili namba 8. Chini ya miaka 19 mpira ukishadhibitiwa nyuma ya skramu hauruhusiwi kukalishwa pale, hivyo namba 8 hapati muda mrefu wa kuonyesha ujanja wake. Wateuzi humtumia kama mbebaji, na hapo kilo 78 zitalinganishwa na kilo 95. Kwenye namba 7 kilo hizo hazimdhuru.

Ile penalti ndiyo kazi yako ya wiki tano. Utaratibu wa kuiba: aliyekaba amwachie mpinzani kwanza, asimame kwa miguu yake, aingie kutoka upande wake wa raki, miguu ipite mpira, nyonga zisishuke chini ya magoti, kisha mikono iende moja kwa moja kwenye mpira, si ardhini halafu kwenye mpira. Marefa wengi wanataka kuona mpira ukiinuliwa, hata sentimita chache. Akifika wa pili badala ya wa kwanza, aache. Mteuzi anampenda anayejua kuacha.

Huka, hapana. Si kwa wiki tano. Safu ya kwanza ni ya mtu aliyefundishwa na kuzoea, hilo ni suala la usalama kabla ya ubora. Na huka anapimwa kwa kurusha: mirusho kumi, mbele, katikati na nyuma ya lainiauti, yaani kati ya mstari wa mita 5 na wa mita 15. Wanaotaka nafasi hiyo huweka nane kati ya kumi kwa mrukaji wa katikati. Ukitaka kumwandaa kwa mwaka ujao, boriti ya goli iko mita 3 kutoka ardhini: arushe kulenga nguzo juu kidogo ya boriti hiyo, kutoka mita 6, 9 na 13, mirusho 30, mara tatu kwa wiki.

Jingine, kwa wote wanne. Hapa Kenya wachezaji 15 kila upande ni Muhula wa Kwanza, na wachezaji saba ni Muhula wa Pili. Kijana akitoka moja kwa moja kwenye raga ya saba huja na tabia zake: anasimama mbali na mwenzake, haingii kwenye raki, anakaba akiwa wima ili azuie pasi. Mteuzi anaiona ndani ya dakika tano. Rudisheni mazoezi ya raki sasa.

Mizani_ya_Umri alijibu:

Nakubaliana na mengi lakini naomba nipinge jambo moja linalopitishwa kimyakimya: kwamba mteuzi akihesabu vitendo basi amekuwa wa haki. Hapana. Kijana aliyepata mwili wa mtu mzima akiwa na miaka 15 atakuwa na vitendo vingi kwa sababu anashinda kila mgongano. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanaandikwa umri mmoja, na vikosi teule vya vijana, katika nchi nyingi na michezo mingi, hujaa wa miezi ya mwanzo.

Mfano ulio wazi ni Afrika Kusini, ambako Craven Week, wiki ya mashindano ya timu za majimbo za shule, imekuwapo tangu 1964 na mfumo wa timu za majimbo za shule umekomaa kuliko wetu. Watafiti walifuatilia vijana 349 waliocheza wiki ya chini ya miaka 13 mwaka 2005. Waliochaguliwa tena kwenye wiki ya chini ya miaka 16 walikuwa kama asilimia 31, na waliofika Craven Week ya chini ya miaka 18 kama asilimia 24. Robo tatu hawakufika huko. Wateuzi wale hawakuwa wajinga, walikuwa wanapima ukuaji wa mwili wakidhani wanapima kipaji.

Kwa hiyo ukiwa mteuzi, fanya mambo mawili. Andika mwezi wa kuzaliwa kwenye karatasi, kando ya namba ya kizibao. Na pale vijana wawili wanapokaribiana, jiulize nani alifanya uamuzi bora kabla ya mgongano: alichagua mwanya au bega? Alitazama juu kabla ya kupokea? Hayo hayategemei kilo. Pia changanyeni vikosi kikamilifu. Namba 9 na namba 10 wa shule moja kubwa wakiachwa pamoja siku zote mbili wataonekana malaika, na winga wa shule ndogo aliyewekwa na namba 10 asiyemjua ataonekana hajui mchezo.

Kwa upande wako, Mwalimu, winga wako una haki ya kumwombea. Mwone msimamizi kabla ya kipindi cha kwanza, kwa heshima, umwambie: huyu anatoka timu ambayo mpira haumfikii, tunaomba acheze hata kipindi kimoja na masenta wa kikosi cha kwanza. Waratibu wengi husikiliza ombi la namna hiyo. Wasilolipenda ni kuombwa amchague.

Karatasi_na_Kalamu alijibu:

Mizani, hoja ya mwezi wa kuzaliwa naikubali yote, na ni rahisi kuitekeleza. Kwa maamuzi kabla ya mgongano, tatizo ni macho: mteuzi mmoja hawezi kuona wachezaji sita wakitazama juu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo video inaingia.

Kamera_Juu alijibu:

Video inasaidia ikiwa imepigwa vizuri na kukatwa kwa uaminifu. Simama katikati ya uwanja, juu kadiri unavyoweza, hata kwenye kitanda cha lori. Simu ilale kwa upana, na fremu ionyeshe angalau mita 30 za uwanja ili tuone mchezaji anafanya nini kabla mpira haujamfikia. Ukiufuata mpira kwa karibu umetupa nusu ya habari.

Tuma dakika nne hadi sita kwa kila kijana, pamoja na mechi moja nzima bila kukatwa. Mwanzoni weka jina, tarehe ya kuzaliwa, kimo, uzito, nafasi na namba ya jezi. Kila kipande kianze sekunde tano kabla ya tendo na kiishe sekunde tano baada, kwa kuwa tunataka kumwona akiinuka. Trai zisizidi mbili. Weka kukaba, raki, mipira ya juu, na kosa moja au mawili na alivyolirekebisha. Usiweke muziki. Usiweke mechi mliyoshinda 60-0.

Na karatasi, tafadhali. Cheti cha kuzaliwa halisi na nakala mbili, barua ya ridhaa ya mzazi, barua ya shule. Waliokaribia miaka ya Chipu (timu ya taifa ya Kenya ya chini ya miaka 20) waanze pasipoti mapema kwenye eCitizen: kikosi cha chini ya miaka 20 hupimwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa mfano mashindano ya 2026 ni kwa waliozaliwa tarehe 1 Januari 2006 au baadaye. Jina la cheti likitofautiana na la shule hata kwa herufi moja, rekebisha sasa. Vijana wazuri huachwa hapo.

Filimbi_ya_Pili alijibu:

Kwa ufupi kutoka upande wa marefa. Baada ya kila kipindi wateuzi hutujia na kuuliza: nani aliwapa kazi? Tunataja namba. Anayebishana, anayerudia kuotea kwenye raki baada ya kuonywa, anayekaba juu ya mabega. Chipu waliishinda Namibia 21-18 Nairobi mwaka 2019 na kutwaa Kombe la Barthes, la Afrika la chini ya miaka 20. Hizo ni pointi tatu, penalti moja tu. Hakuna kocha wa taifa anayetaka mtu anayezitoa bure.

Na kama yeyote kati ya wanne amepata mtikiso wa ubongo hivi karibuni, hesabu siku. Asicheze mechi kabla ya siku ya 21, na arudi kwa hatua bila dalili yoyote. Mwambie mratibu kabla, asifiche. Wateuzi huwa tayari kumwona siku nyingine.

Mwalimu_Nzoia aliandika:

Nimeandika yote. Namba 8 anakwenda kama 7. Namba 10 nitampima kama fulbeki kwenye mechi mbili za kirafiki kabla sijajaza fomu. Propu ameanza upande wa kulia leo, mtu mmoja kwa mmoja. La mwisho: wasipochaguliwa, naweza kudai sababu?

Karatasi_na_Kalamu alijibu:

Unaweza kuomba, na uombe ndani ya wiki moja wakati karatasi bado zipo. Usiulize “kwa nini hakuchaguliwa”, utajibiwa “ushindani ulikuwa mkali”. Uliza maswali matatu yanayojibika kwa sentensi moja moja: alikuwa wa ngapi katika nafasi yake, kitu gani kimoja kilimweka chini ya aliyemtangulia, na lini ataangaliwa tena. Mpe kijana majibu hayo kwa maandishi, na namba 7 wako ahesabiwe tena raki zake dakika 20 zilezile baada ya miezi mitatu.